Harusi Katikati ya Njia

"Sema tena. Unaolewa na nani?"

"Umeshasikia, shemeji."

"Mimi nimesikia, masikio ndiyo yamekataa. Sema tena."

Shemeji yangu, mdogo wake marehemu mke wangu, alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti kama mgonjwa anayesubiri sindano. Vidole vyake vilikuwa na gundi iliyokauka. Kazi yake ni kubandika lebo kwenye chupa za mvinyo, na gundi ile haitoki hata uisugue kwa mchanga. Alikuja na mkate na sukari, nikajua tangu mlangoni kuna jambo. Mtu haleti sukari bure.

"Naolewa na Meneja."

"Meneja wa shamba la mizabibu?"

"Kwani kuna meneja gani mwingine hapa bondeni?"

Nikacheka. Si kwa furaha. Ni kile kicheko kinachomtoka mtu akijigonga kidole kwa nyundo.

"Dada yako amefia nje ya geti la mtu huyo."

"Najua alikofia dada yangu."

"Unajua, halafu unakwenda kulala ndani ya geti hilohilo?"

Alikwangua gundi kwenye kidole gumba kwa muda, kisha akatoa lile lililonimaliza kabisa.

"Baba hayupo. Kaka sina. Nataka wewe ndiye unishike mkono, unikabidhi kwake. Jumamosi, kwenye bustani ya shamba."

"Mimi?"

"Wewe ndiye mwanaume pekee niliyebaki naye kwenye ukoo."

"Nikukabidhi kwa muuaji, halafu nipige na makofi?"

"Simama tu pale, shemeji. Hata usiseme kitu. Simama tu."

"Toka."

"Shemeji, nisikilize..."

"Toka! Na sukari yako uondoke nayo."

Alisimama kizingitini akanitazama kama mtu mwenye neno jingine mdomoni. Sikumpa nafasi ya kulitema. Nilirudi ndani nikakaa kitandani, upande wa mke wangu, nikamsemea marehemu maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Ngoja niwaeleze, msije mkaniona nina roho mbaya bila sababu.

Mji wetu umekaa chini bondeni, mizabibu kushoto, mizabibu kulia, na juu yake vilima vyenye njia za miguu ambazo wageni wanatoka mbali kuja kuzitembea. Njia fupi kuliko zote inashuka kutoka vilimani, inaingia kwenye shamba la mizabibu kwa geti la juu, inakatiza bustani wanayoonjea mvinyo, inatokea barabarani mbele ya zahanati. Ni njia ya mji, ya watu wote, tangu kabla hao wenye shamba hawajazaliwa.

Mke wangu alikuwa mchuma zabibu kwenye matuta ya juu. Msimu wa mavuno pumu ikambana akiwa kazini, na dawa yake ya kuvuta ilikuwa imekwisha. Nikambeba mgongoni nikashuka naye mbio. Kufika getini, mnyororo na kufuli. Ndani nasikia muziki na glasi zinagongana. Wakubwa walikuwa wanakaribisha wakubwa wenzao, hawakutaka watu wenye vumbi wapite mbele ya meza. Nilipiga kelele mpaka koo likawaka. Hakuna aliyekuja. Ikabidi nizunguke kwa njia ya mawe, ile inayopanda kwanza ndipo ishuke. Kabla sijafika juu nilihisi mgongoni kwangu amekuwa mzito kwa namna nyingine.

Baada ya mazishi nikauliza, nani alifunga geti? Meneja akasema siku ile alikuwa safarini. Mwenyekiti wa kamati ya njia akajikohoza, akasema:

"Lilifungwa kwa uamuzi wa kamati."

Kamati haina mkono, jamani. Lakini kufuli lile lilifungwa kwa mkono.

Hapa kwetu kuna sheria: njia ya miguu ikipitisha mwaka bila kukanyagwa, imekufa, na mwenye shamba anaweza kuilima. Meneja alikuwa anaiombea ile njia kifo. Basi mimi nikaanza kuwatembeza watu pale kila Jumamosi, mvua inyeshe, jua liwake, katikati ya bustani yake, mbele ya wageni wake na vikombe vyao virefu. Wageni walidhani napenda milima. Wakanipa jina, Buti. Mimi milima siipendi hata kidogo. Nilikuwa natembea kwa chuki, na chuki haichoki miguu.

Ndiyo maana simu ya Meneja haikunishangaza.

"Buti, habari za siku."

"Zilikuwa nzuri mpaka simu ilipolia."

"Tunakaribia kuwa ndugu, punguza ukali."

"Ndugu? Hata kupe wa mbwa wangu hana undugu na wewe."

"Sikiliza. Jumamosi njia ya bondeni itafungwa, Mwenyekiti ameshakubali. Watu wako wapeleke njia ya mawe. Ina mandhari nzuri sana."

"Naijua mandhari yake. Niliiona nimembeba mtu."

Nilisikia akifunga mlango upande wake.

"Ile ilikuwa ajali, Buti."

"Ajali haina kufuli."

"Nampenda yule binti. Hata kama huniamini kwa lolote, hilo liamini."

"Nakuamini. Hata fisi anampenda mbuzi."

Akakata. Haikupita muda, ujumbe wa Mwenyekiti ukaingia: "Ndugu Buti, unaarifiwa kuwa njia ya bondeni itafungwa Jumamosi kwa sababu za kiufundi."

Nikamjibu: "Hiyo sababu ya kiufundi itavaa shela?"

Wakubwa hawajibu, hutoa matangazo.

Nikaenda kwa Mama Soksi, mjane mwenzangu anayefuma soksi za sufu na kuwauzia wapanda milima pale kwenye kituo cha kuanzia matembezi. Mdomo wake una meno mawili ya mbele tu, lakini unang'ata kuliko wenye yote.

"Mama Soksi, Jumamosi nataka watu wengi."

"Kwenda wapi?"

"Harusini."

"Tumealikwa?"

"Hatujaalikwa. Tunapita tu. Njia si ni ya mji?"

Akaweka sindano zake chini. Jino moja likacheka, jingine likafuata.

"Tunavaa nini?"

"Mabuti. Na mtu asiyapanguse."

"Yenye tope?"

"Hasa yenye tope."

"We Buti wewe! Mungu akikuchukua sijui atakuweka wapi."

Mama Soksi akawaambia wachuma zabibu, wachuma zabibu wakaambiana. Ijumaa shemeji akaniandikia: "Kama bado unampenda dada, kesho njoo. Tafadhali."

Nikamjibu neno moja: "Nitakuja." Nikajicheka kwa raha. Anadhani nakuja na suti!

Jumamosi tulishuka kutoka vilimani, msururu mrefu, mvua ya alfajiri imelainisha udongo vizuri kabisa, kila buti limebeba kilo yake ya tope. Geti la juu lilikuwa wazi kwa ajili ya wapiga picha. Mwenyekiti alikuwa amesimama hapo, tai imemkaba.

"Ndugu Buti, njia imefungwa!"

"Geti liko wazi, njia imefungwaje?"

"Imefungwa kwa maana ya... kiutaratibu."

"Basi sisi tutapita kiutaratibu. Jamani, polepole, msisukumane!"

Tukaingia. Bustani nzima viti vyeupe, na zulia jekundu limetandikwa juu ya njia yenyewe, maana pale ndipo penye uwazi. Mbele kabisa walikaa wenye shamba, wale waliokuja kutoka jijini na magari marefu. Meneja amevaa suti ya rangi ya maziwa. Na shemeji yangu amesimama ndani ya gauni jeupe, peke yake, hana wa kumshika mkono. Moyo ulitaka kunilainika. Nikaukanya.

Msajili wa ndoa alikuwa ndiyo kwanza anauliza:

"Nani anamkabidhi bibi harusi?"

Kikasikika kitu kimoja tu, mabuti yetu juu ya zulia, chwapu, chwapu.

Shemeji akageuka, akatuona. Nilitegemea alie au atukane. Alinyoosha mkono wenye maua.

"Huyo hapo. Anapita."

Watu wakaangua kicheko. Meneja akasogea, uso umemwiva.

"Buti, fanya ustaarabu. Leo tu."

"Ustaarabu gani? Mimi napita. Wewe ndiye unayefunga ndoa njiani."

"Walinzi!"

"Waache," shemeji akasema. "Na wewe shemeji, kabla hujapita, nina swali moja. Nijibu mbele ya hawa wote."

"Sina cha kujibu kwenye harusi ya..."

"Siku ile, dada aligonga geti kwa kitu gani?"

Nilihisi kama mtu kanivuta ulimi. Jambo lile sikuwahi kumwambia mtu. Msibani nilisema nilipiga kelele, basi. Hilo lingine nililiweka ndani, kwa sababu kila nikilikumbuka nashindwa kumeza chakula.

"Umeyatoa wapi hayo?" nikauliza.

"Nijibu kwanza. Kwa kitu gani?"

"Kwa kiatu." Sauti yangu ilitoka nyembamba. "Mimi nilikuwa napiga kelele. Yeye sauti hakuwa nayo. Akavua kiatu kimoja, akawa anagonga geti juu ya bega langu. Aligonga mpaka mkono ukaishiwa nguvu."

"Ulimwambia nani?"

"Hakuna."

"Hata mimi?"

"Hata wewe. Hata kaburi lake sijaliambia."

Shemeji akamgeukia Meneja. Alisema taratibu, kama mtu anayemhesabia mtoto vidole.

"Ile siku nilipolia kumkumbuka dada, ulinikumbatia. Ukaniambia, usilie, hata mimi nikisikia kitu kinagonga kama kiatu, usingizi unaruka. Nikakuuliza kiatu gani? Ukasema umechoka, ukazima taa. Sasa hatujachoka, na ni mchana. Kiatu gani, mpenzi?"

"Nili... watu walikuwa wanasema."

"Watu gani? Mwenyewe kasema hajamwambia mtu."

"Mpenzi, si hapa."

"Ulikuwa safarini wewe. Ulisikiaje kiatu?"

Mwenyekiti akajitokeza, mikono juu.

"Ndugu zangu, jambo hili lina mahali pake..."

"Mahali pake wapi?" Mama Soksi akadakia. "Kwenye kamati? Kaa chini baba, shati limekutoka."

Meneja aliwatazama wenye shamba, akanitazama mimi, kisha akamtazama yule msichana. Nitasema ukweli hata kama unanichoma: alimtazama kwa mapenzi. Ndipo akakaa kwenye kiti cha mgeni.

"Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu," akasema.

Msajili akafunga daftari lake.

"Mabosi walikuwa mezani. Siku ile walikuwa wanaamua nibaki au niondoke. Nilimsikia Buti, nikaenda mpaka getini, nikachungulia. Nikasema nikifungua atakatiza katikati yao na mgonjwa mgongoni, kila kitu kitaharibika. Nikajiambia Buti ana nguvu, atazunguka, atawahi. Nilijua atawahi! Halafu kile kiatu..."

"Ukarudi mezani," shemeji akasema.

"Nikarudi mezani."

"Ukamimina mvinyo."

"Nimekuwa nikilipa tangu siku hiyo! Nani alikutoa matutani akakuleta kivulini? Nani alimtibia mama yako mpaka siku yake ya mwisho? Nilikuwa nakulipa!"

"Hukuwa unanilipa. Ulikuwa unatafuta mtu wa kukusamehe bila kujua anasamehe nini."

Sijui nilifikaje. Nilijikuta nimeshika suti ya maziwa kifuani, ngumi iko juu, na tope langu liko juu ya viatu vyake. Miaka yote nilikuwa nimeiota ile ngumi.

"Shemeji, shusha mkono."

"Niache!"

"Ukimpiga, ataondoka hapa yeye ndiye aliyeonewa. Mwache hivyohivyo alivyo. Watu wamtazame."

Nikamwachia. Na kweli, walimtazama. Wachuma zabibu walioletwa kuhudumia meza wakaweka trei chini, mmoja baada ya mwingine. Fundi wa mapipa akavua aproni akaitupia kwenye keki. Wenye shamba walikuwa wanatafuta funguo za magari yao kwa haraka kuliko mtu anayekimbia nyuki.

Shemeji akampa msajili wa ndoa yale maua.

"Samahani kwa usumbufu, mzee."

"Binti," yule mzee akasema, "nimefungisha ndoa nyingi. Hii ndiyo ya kwanza niliyoona imefunguka kabla ya kufungwa."

Shemeji akaja akashika mkono wangu. Tukapita. Gauni jeupe likaburuta tope mpaka barabarani, nyuma yetu msururu mzima kama wa maziko.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza tulipofika mbele ya zahanati.

"Ungemvunja taya siku hiyohiyo. Ungelala ndani wewe, yeye abaki na shamba lake. Nilikuwa nahitaji usimame mbele ya watu, ujibu swali, basi. Ukanifukuza kama kuku."

"Na kama nisingekuja?"

"Wewe? Ukose Jumamosi?" Alicheka, machozi yanamfika kidevuni. "Shemeji, nilijua kama upendo hautakuleta, chuki itakuleta."

Mnataka kujua aliyefunga geti alifanywa nini? Wenye shamba walisema wamesikitishwa. Kisha wakamhamishia kwenye shamba lao jingine, bonde la mbali, kubwa kuliko hili. Mkubwa hafukuzwi, huhamishwa. Mwenyekiti naye ameunda kamati ya kuichunguza kamati. Lakini mkewe alihamia kwa dada yake, na sokoni Mwenyekiti akipita watu wanamfungulia njia kwa dharau, "Pita baba, hapa hapajafungwa." Na Meneja, mpaka siku ya kuondoka, hakupata hata wa kumuuzia kiberiti. Watu husema kisasi hakishibishi. Waongo. Mimi nilikula nikashiba, nikajamba.

Aliyekuwa hashibi ni shemeji. Alikuja kwangu mchana mmoja, akakaa kwenye kiti kilekile, simu mkononi inatetemeka kama kifaranga.

"Anaandika kila siku," akasema. "Leo ndiyo anaondoka."

"Anasemaje huyo nguruwe?"

Akasoma: "Gari limeshapakiwa. Sikuombi unisamehe. Nijibu kitu kimoja tu, nitakwenda nacho. Ulinipenda, au yote ulikuwa mtego?"

Niliruka kutoka kitini.

"Haya! Mwambie mtego! Mwambie alikuwa akigeuka unatema mate. Mwambie ulikuwa ukimkumbatia unaziba pua!"

"Si kweli."

"Nani kakuuliza ukweli? Mchome, mwanangu! Mchome mpaka majivu!"

"Shemeji, nilichagua mpaka majina ya watoto. Usiku ule aliposema habari ya kiatu nililala macho nikimwomba Mungu niwe nimesikia vibaya." Akajifuta pua kwa mgongo wa kiganja. "Tulia. Najua cha kumjibu."

Akaandika taratibu. Kisha akanionyesha kabla ya kutuma. Kulikuwa kumeandikwa: "Nilikupenda kweli. Mpaka leo nakupenda. Sirudi."

"Aaah!" Nikashika kichwa. "Umempa zawadi! Nimekwambia umchome, wewe unampulizia kidonda!"

"Subiri," akasema, akatuma.

Tukakaa. Simu ikaita. Jina lake likawaka kwenye kioo. Shemeji akaiweka mezani katikati yetu, akabana mikono yake katikati ya magoti kama mtu mwenye baridi. Ikaita mpaka ikakata. Ikaita tena. Ikakata. Ujumbe ukaingia: "Nakuomba pokea. Nimesimamisha gari. Kama unanipenda pokea." Ikaita tena, na tena, na kila ikiita yule binti alikuwa analia bila sauti, mabega tu, lakini mikono haikutoka pale kwenye magoti.

Nikaelewa. Angemwambia mtego, yule mtu angepiga gia akasema mwanamke mshenzi, akapata mwingine huko aendako. Sasa atakula, atalala, atazeeka anajua kulikuwa na mtu mmoja duniani aliyekuwa wake kweli, na kwamba alimpoteza kwa mikono yake mwenyewe.

Mimi niliyejiona bingwa wa chuki bonde zima, siku ile nilikaa nikajifunza.

"Nizime?" nikamuuliza.

"Usizime, shemeji," akasema. "Iache iite."